Kwa nini kampuni za vifungashio vya dawa zinanunuana kila mwaka? (Uzi)

MzeeWaMaboksi

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa viwanda kuna mdau aliuliza swali nikaona linastahili uzi wake. Kampuni kubwa za vifungashio duniani kila baada ya muda mfupi zinanunua viwanda vya wenzao: cha vizibo vya mpira, cha vichupa vya chanjo, cha mifuko ya kufungia vifaa vya upasuaji. Hela wanayo, mashine zinauzwa, mafundi wapo. Sasa kwa nini wasijenge tu?

Mimi niko kwenye maboksi na lebo, Barabara ya Pugu, na baadhi ya wateja wangu ni watu wa dawa. Mengine nitasema niliyoyaona, mengine yako kwenye taarifa za kampuni zenyewe, maana nyingi ziko kwenye masoko ya hisa na lazima ziseme.

Dawa haisajiliwi peke yake. Faili linalopelekwa kwa mamlaka ya dawa, TMDA hapa kwetu au FDA kule Marekani, lina sehemu nzima ya kifungashio: chupa ni ya kioo gani, kizibo ni cha mpira gani, kimetengenezwa na nani. Kabla ya hapo dawa imekaa miezi kwenye vyumba vya joto na unyevu ikiwa ndani ya chupa ile ile na kizibo kile kile, kuona kama inaharibika au kama mpira unaachia kitu ndani ya dawa. Sasa njoo wewe na kizibo chako kizuri, nafuu kwa shilingi tano. Mwenye dawa akikubali, inabidi apime upya, aandike upya, apeleke upya, asubiri majibu. Kwa shilingi tano? Atakunywesha chai, atakusifia, na hutamsikia tena.

Kwa hiyo aliyeingia kwenye faili ana mteja mpaka siku dawa yenyewe itakapotoka sokoni. Ukijenga kiwanda kipya unapata mashine na deni la benki. Ukinunua kiwanda cha zamani unapata nafasi yake kwenye mafaili ya wateja, na hiyo ndiyo mali yenyewe. Mashine ni za kukutia hasira tu.

Naendelea, ngoja nile kwanza.

Kitambi Cheupe

Siti ya mbele hapa. Mkuu ukichelewa tunaanza kuongelea Simba na Yanga.

Mdau_Keko

Mleta mada, unazidisha. Boksi ni boksi. Nilishachapisha maboksi ya sabuni na ya dawa kwenye mashine moja, wino ule ule, karatasi ile ile. Ugumu wake uko wapi?

MzeeWaMaboksi

@Mdau_Keko karatasi ile ile, kweli. Ugumu uko kwenye meza ya kuhesabia.

Ngoja nikupe picha. Mkaguzi wa mteja wa dawa akija kiwandani, hagusi mashine yako ya gharama. Anapiga magoti, anamulika tochi chini ya mkanda wa mashine ya kukata lebo, anatafuta kipande cha kazi iliyopita. Akikuta lebo moja ya dawa ya kikohozi ya watoto wakati sasa unachapa ya dawa ya presha, ukaguzi umeishia hapo. Kwake ile si takataka. Ni lebo ambayo ingeweza kubandikwa kwenye chupa isiyo yake. Halafu atakuomba daftari: zimechapwa lebo ngapi, zimepelekwa ngapi, zilizoharibika ziko wapi, nani alizichoma, nani alisaini. Hesabu lazima ifunge. Kwenye sabuni ukizidisha maboksi 200 mteja anakushukuru. Kwenye dawa ukizidisha 200 unaitwa ujieleze.

Hayo ni maboksi tu, ambayo hata hayaigusi dawa. Panda kwa wanaotengeneza kinachogusa dawa, utakuta vyumba safi, hewa inachujwa, kipimo cha vumbi ukutani, na kiwango chao cha kimataifa, ISO 15378. Mifuko ya vifaa tiba vinavyouawa vijidudu ina kiwango chake, ISO 11607. Kiwanda kinachoishi hivyo miaka ishirini kina tabia ambayo huinunui pamoja na mashine mpya kutoka China. Unainunua pamoja na watu.

binti_famasia

Naongezea kwa upande wa dirishani. Wagonjwa wanadhani pakti za vidonge zote ni sawa. Ile yenye plastiki inayoonyesha kidonge na ile ya bati pande zote mbili zina tofauti kubwa kwa unyevu. Kwa hali ya hewa ya Dar hii ya Machi na Aprili kuna vidonge ukivitoa kwenye bati ukaviweka kwenye vibahasha vya karatasi, baada ya muda vinalainika. Kifungashio ni sehemu ya dawa.

Swali kwa mleta mada: Kioo Limited wako hapa hapa mjini, chupa za soda na bia zinatoka kwao. Kwa nini vichupa vya sindano vyote tunaagiza?

MzeeWaMaboksi

Swali zuri dada. Kioo cha chupa ya soda kinatokana na mchanga, magadi na chokaa. Kwa dawa ya maji ya kunywa kinafaa. Kwa sindano nyingi hakifai, kwa sababu kinaachia alkali kidogo kidogo ndani ya dawa. Kichupa cha sindano kinahitaji kioo chenye boroni, ambacho kinayeyuka kwa joto kubwa zaidi, na vichupa vingi havimiminwi kwenye umbo. Vinakatwa kutoka kwenye mrija mrefu wa kioo. Wanaotengeneza huo mrija duniani ni wachache: Schott ya Ujerumani, Corning ya Marekani, Nippon Electric Glass na Nipro za Japani, na wengine kadhaa. Waliosoma kemia mnazijua zile chupa za maabara zenye kifuniko cha buluu zilizoandikwa Duran. Jamii hiyo hiyo ya kioo. Na hao Duran wenyewe mwaka 2017 waliwekwa kapu moja na Wheaton na Kimble za Marekani, zikawa DWK Life Sciences. Majina matatu makongwe, mwenye mali mmoja, na hakuna jina lililofutwa kwenye chupa. Unajua kwa nini hawakufuta? Kwa sababu maabara zimeandika "Duran" kwenye taratibu zao. Ukibadilisha jina unamkumbusha mteja kuangalia bei za wengine.

Ndugu Mkosoaji

Mzee nondo ziko vizuri ila tupe mifano ya hela. Hapa tunaongelea hisia.

MzeeWaMaboksi

Haya, hela.

Chukua AptarGroup ya Marekani. Walianza kujulikana kwa vipulizio na vifuniko: manukato, chupa za sosi, dawa za pua. Mwaka 2012 wakanunua Stelmi ya Ufaransa, watu wa vizibo vya mpira vya dawa za sindano. Kwa pigo moja wakawa ndani ya chumba ambacho kilikuwa cha West ya Marekani na wenzake wachache. West wenyewe wako kwenye mpira tangu 1923, kwa hiyo fikiria ungeanza kumfukuza mtu huyo ukiwa na mashine mpya na faili tupu. Mwaka 2018 Aptar wakatoa dola milioni 555 kwa CSP Technologies.

CSP wanauza nini? Wenye wazazi wa kisukari, kachukueni kile kichupa cha vijiti vya kupimia sukari, chenye kifuniko kilichoshikamana na chupa, ukikibana kinasema "tap". Tafuta kile kipakti cha kunyonya unyevu kama cha kwenye viatu vipya. Vingi havina. Kinachonyonya unyevu ni ukuta wenyewe wa ndani, plastiki iliyochanganywa na dawa ya kukausha tangu kiwandani. Kijiti cha kupimia kikipata unyevu kinadanganya, na kikidanganya mgonjwa anajidunga insulini isiyo sahihi. Kwa hiyo mwenye vijiti hachezi na kichupa. Aptar walilipa milioni 555 kwa sababu hiyo.

Halafu kuna hesabu ya mezani ambayo ndiyo inawaamsha watu wa fedha asubuhi. Mfano wa kubuni: kiwanda kidogo kinapata faida ya bilioni 2 kwa mwaka kabla ya riba, kodi na uchakavu. Mwenyewe amechoka, watoto wako Toronto hawataki kurudi, anauza kwa mara 7 ya faida hiyo, bilioni 14. Kampuni kubwa inayonunua, soko la hisa linaipima kwa mara 11. Siku mkataba unasainiwa, zile bilioni 2 zinaanza kuhesabiwa kama bilioni 22. Hujabadilisha hata taa ya kiwanda, tayari una bilioni 8 kwenye karatasi. Ndiyo maana mifuko ya uwekezaji imejaa kwenye hii sekta: wananunua kimoja kikubwa kiasi, wanakibandikia vidogo sita, wanauza zima.

Mhasibu wa Posta

Hapo kwenye karatasi ndipo pa kukazia, mkuu. Bilioni 8 za karatasi zinadumu kama zile bilioni 2 zinadumu. Na mnunuzi akikopa kununua, riba ni ya kweli kila robo mwaka, karatasi au si karatasi.

Mfano hai ni Gerresheimer ya Ujerumani. Walitangaza 2024 kuinunua Bormioli Pharma ya Italia, thamani takribani yuro milioni 800, wakakamilisha Desemba ile ile. Kwenye mchoro kila kitu kilikaa: mmoja ana vichupa na mabomba ya sindano, mwingine ana chupa, vizibo na vifuniko. 2025 mahitaji ya chupa za dawa za maji na za vipodozi yakalegea, kampuni ikashusha makadirio yake zaidi ya mara moja na hisa zikaporomoka vibaya. Deni la ununuzi lilibaki pale pale.

Na kabla ya hapo sekta nzima ilishaonja. Wakati wa Uviko kila mwenye dawa alijaza ghala vichupa kwa hofu ya kukosa. Hofu ilipoisha wakaacha kuagiza, wakatumia ya ghalani. Aliyenunua kiwanda kwa bei ya faida ya 2021 alilipia msimu akidhani amelipia biashara.

MzeeWaMaboksi

@Mhasibu wa Posta hapo sina cha kubisha. Hiyo sentensi yako ya mwisho naichukua.

Kitambi Cheupe

Sasa mbona hawa wakubwa hawazuiwi? Wakinunua wote si bei wanapanga wao?

MzeeWaMaboksi

Wanazuiwa, na hapa ndipo patamu kwangu kuliko kote.

Amcor, yenye asili ya Australia, ilitangaza Agosti 2018 kuinunua Bemis ya Marekani. Hakuna fedha taslimu: kila hisa ya Bemis inabadilishwa kwa hisa 5.1 za Amcor. Pamoja na madeni, mzigo ulitajwa kuwa dola bilioni 6.8. Kampuni hizi zilikuwa zinafunga vitu vingi vya dukani, kuanzia jibini, nyama, biskuti hadi chakula cha mbwa. Unadhani wasimamizi wa ushindani walikwama kwenye biskuti? Hapana. Walikwama kwenye vifungashio vya vifaa tiba.

Ukienda theatre Muhimbili ukaona nesi anachana kifurushi cha kifaa cha upasuaji, upande mmoja plastiki, upande mwingine kitu cheupe kama karatasi ngumu isiyochanika ovyo. Hicho cheupe mara nyingi ni Tyvek, bidhaa ya DuPont. Kinapitisha gesi ya kuua vijidudu, halafu kinazuia vijidudu visirudi. Ili kishikane na plastiki kinapakwa gundi maalumu inayoyeyuka kwa joto. Wanaojua kupaka gundi hiyo kwa kiwango cha hospitali Marekani walikuwa wachache mno, na wawili kati yao walikuwa hao hao Amcor na Bemis. Wizara ya Sheria ya Marekani ikawaambia: ungana, lakini uza viwanda hivi. Vitatu vya Marekani vikaenda Tekni-Plex kwa dola milioni 215. Tume ya Ulaya nayo ikasema vyake, na vitatu vya Uingereza na Ireland vikachukuliwa na Kohlberg, mfuko wa uwekezaji, kwa dola milioni 394. Kohlberg wakavichanganya na Nelipak waliyokuwa wameinunua mwaka huo huo. Mnaona? Amcor ilipokuwa inakua, iliwazalia washindani wawili wa vifaa tiba, tena wenye viwanda vilivyokwisha kubalika kwenye mafaili ya wateja. Muungano ukakamilika Juni 2019.

Na Amcor hawakuchoka. Novemba 2024 wakatangaza kuinunua Berry Global, dola bilioni 8.4, tena kwa hisa, 7.25 za Amcor kwa moja ya Berry. Aprili 30, 2025 ikafungwa. Wakaahidi wenye hisa faida ya dola milioni 650 kutokana na kuungana ifikapo mwaka wa tatu. Mimi nikisikia neno hilo "kutokana na kuungana" huwa nauliza: ni viwanda vingapi vinafungwa, na vipi?

Ndugu Mkosoaji

Hapo ndipo ninapoona hoja yako inajipiga. Umesema mali ni faili la mteja. Ukifunga kiwanda A ukahamishia kazi kiwanda B, si umebadilisha mahali pa kutengenezea? Si inabidi kila mteja apime upya? Basi ile akiba wanayoiahidi inatoka wapi?

MzeeWaMaboksi

Umegonga mule mule. Kwenye vifungashio vya chakula unaunganisha viwanda viwili kwa miezi, mwenye juisi hajali. Kwenye dawa ukihamisha mstari mmoja unaandika barua ya taarifa ya mabadiliko kwa kila mteja, unatengeneza sampuli kwenye mashine mpya, anazipima, na wengine wanapeleka kwa mamlaka zao nchi baada ya nchi. Mteja mwenye akili akipata barua hiyo anasema: kama nitapima upya kwa vyovyote, ngoja nimpime na mshindani wako pia. Umefungua mlango uliolipia mamilioni ukiwa umefungwa.

Kwa hiyo wanunuzi wazuri wa sekta hii akiba wanaitafuta kwingine. Wananunua malighafi kwa pamoja, resini (malighafi ya plastiki) na alumini, bila kubadilisha daraja la resini. Wanaunganisha uhasibu. Wanamtuma muuzaji mmoja kwa mteja mmoja akiwa na kizibo, chupa na kifuniko, mteja akianza dawa mpya achukue vyote kwao. Dawa mpya ndiyo nafasi, kwa sababu faili bado halijaandikwa. Ndiyo maana hizi sindano za kalamu za kisukari na unene zimewafanya wote wakimbilie mabomba ya sindano na vifaa vya kujidungia.

Na wanaacha mameneja wa zamani, hasa mtu wa ubora. Huyo akiondoka na maarifa yake kichwani, mkaguzi ajaye atakuta kiwanda kizuri na majibu mabovu.

Mdau_Keko

Sawa mzee, nimekubali boksi si boksi. Ila turudi nyumbani. Haya yanatuhusu nini? Nani Dar atanunua nani?

MzeeWaMaboksi

Yanatuhusu zaidi ya unavyodhani. Aspen ya Afrika Kusini ilichukua asilimia 60 ya Shelys, wale watengeneza dawa wa Mwenge, mwaka 2008. Walikuwa na njia ya kujenga kiwanda Kibaha au Nairobi. Wakanunua dawa ambazo tayari zina usajili na majina ambayo mama wa Mbagala anayajua. Mantiki ni ile ile.

Na wa kwetu kununua hawashindwi. Amsons wamechukua Mbeya Cement, Tanga Cement, wakavuka mpaka wakachukua Bamburi ya Kenya mwisho wa 2024. Saruji haina faili la dawa, ni rahisi zaidi, lakini mtu asiniambie Mtanzania hajui kununua kampuni.

Kwenye vifungashio vya dawa naona hivi: Kairuki wana kiwanda cha maji ya dripu kule Zegereni, Kibaha. Wengine wanakuja, serikali inasukuma, Bohari ya Dawa ndiyo mnunuzi mkubwa. Wote hao wanahitaji boksi, lebo, kikaratasi cha maelezo, kifuniko, chupa ya plastiki. Wachapaji na watengeneza plastiki wadogo tunajuana, kuanzia Vingunguti, Chang'ombe mpaka Mikocheni viwandani. Wachache wamepitishwa na wateja wa dawa. Mwenye mtaji anayetaka kuingia leo, badala ya kuagiza mashine mpya, atafute mzee mmoja ambaye ameshapita ukaguzi mara kadhaa na hana mrithi. Amlipe vizuri, ambakize miaka miwili mshauri. Atafika mapema kuliko mwenye mashine inayong'aa.

Na msiniulize kama najitangaza. Mimi siuzi, binti yangu yuko kwenye mashine.

binti_famasia

😂😂 tumeelewa mzee. Ila akitokea huyo mwenye mtaji, anaanzia wapi kisheria? Kuna ruhusa ya kuchukua au wanakubaliana tu kwa mwanasheria?

Mhasibu wa Posta

Nijibu mimi hilo. Sheria ya Ushindani ya 2003. Mauzo au mali za pande zote mbili zikijumlishwa zikifika shilingi bilioni 3.5, unaijulisha Tume ya Ushindani na unasubiri kibali kabla ya kukamilisha. Kwa mashine za uchapaji za siku hizi na ghala la karatasi, bilioni 3.5 si mbali. Wengi wanadhani Tume ni ya simenti na benki tu. Na hata ukipata kibali, mtu aliyeumia anaweza kukata rufaa: kibali cha kampuni ya saruji ya Scancem kuinunua Tanga Cement kilitenguliwa na Baraza la Ushindani mwaka 2022, wakati watu walishaanza kuhesabu.

Kwa hiyo kwenye mkataba, malipo makubwa yafungwe kwenye kibali. Amana ndogo mwanzo, zinazobaki Tume ikishasema ndiyo.

MzeeWaMaboksi

Na kabla hata ya mwanasheria, mnunuzi aombe vitu viwili: ripoti za ukaguzi za wateja wa dawa za miaka mitatu, zile zenye dosari na majibu yake, na barua za kupitishwa kuwa msambazaji. Kisha asome kama barua zimetaja kampuni au zimetaja kiwanda na anwani yake. Zikitaja anwani, ule mpango wa kuhamia Kibaha kwenye kodi nafuu ya pango aupeleke kwa wateja kabla hajasaini, awasikie wanasemaje.

Kitambi Cheupe

Mzee, binti yako ana miaka mingapi? Nauliza kwa ajili ya muunganiko.

MzeeWaMaboksi

Peleka maombi Tume ya Ushindani.